Askari wa Mlango wa Jikoni

Tajiri wa magodoro hakumfukuza kazi. Alimwita tu ofisini akamwambia kwa upole, kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani, "Afande, hebu niachie zile funguo hapo mezani. Wewe utaendelea kukaa getini, ila kufunga na kufungua atafanya shemeji yangu." Mzee akazifungua kiunoni, zilikokuwa zikining'inia tangu alipoajiriwa, akaziweka. Meza ilikuwa imejaa, kwa hiyo akausogeza mwenyewe mkebe wa kalamu ili zipate pa kukaa. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akakaa mpaka saa ya kutoka.

Mkewe alisikia habari hizo jioni ile, mumewe akiwa ameinama kufungua kamba za viatu.

"Kwani umepoteza nini?" akamuuliza.

"Sijapoteza kitu."

"Mmegombana?"

"Tumegombana nini? Ameangalia filamu."

Mke akainama. Alichukua viatu, akavipanga ukutani visigino vikitazama nje, kama alivyozoea, akaenda kutazama chakula.

Filamu yenyewe kila mtu alikuwa ameiona, na asiyeiona alikuwa ameonyeshwa vipande kwenye simu ya mwenzake. Ilihusu wafungwa watatu waliotoroka alfajiri moja, zamani kidogo, kwenye gereza kuu. Waliotengeneza filamu walitangulia kuandika kwa herufi nyeupe kwamba kisa hiki ni cha kweli, na watu wakishaambiwa hivyo wanameza kila kitu. Mkubwa wa wale watoro alikuwa mwalimu, aliyefungwa kwa kuitisha mgomo. Aliishi ughaibuni miaka mingi, akarudi upepo ulipobadilika, akawa mtu wa kupigiwa makofi. Mwenzake mmoja alibaki hukohuko ughaibuni. Wa tatu alikamatwa, akafia ndani.

Katika filamu hiyo yumo askari wa mlango wa jikoni. Ana kitambi, anatafuna muda wote, na anauza ufunguo kwa bunda la pesa na saa ya mkononi. Mkuu wa gereza anapomjia, anajikojolea. Hapo ndipo ukumbi mzima huangua kicheko. Hatajwi jina. Lakini mtaani pale nani asiyejua aliyekuwa na zamu mlango wa jikoni alfajiri ile? Tume ya uchunguzi ilikaa, ikasema alikuwepo lindoni ila hakuona kitu, huo ni uzembe, avuliwe magwanda aende nyumbani bila mafao. Alirudi mwembamba kama fagio, akaanza kulinda mali za watu, na jina la Afande likabaki kwa mazoea tu.

Mkewe alikuwa akipiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa mjini. Wenzake walimwita Mama Pasi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na sentensi moja, akiipeleka kwenye ofisi za mafao, kwa mawifi, kwa mwenye nyumba, popote alipobanwa: "Mume wangu hakuona kitu." Aliisema bila kupandisha sauti, wala hakujua kuiongezea chumvi. Karani mmoja mpya alikuwa amemwambia majuzi kwamba jalada limeshuka tena kwenye meza yake, na kwamba uzembe siku hizi hautazamwi kama zamani, huenda mzee akapata chochote. Alirudi nyumbani akasimulia. Afande akasema, "Vizuri," akaendelea kukata kucha.

Binti yao alirudi jioni ileile akiwa amevimba. Aliuza simu kwenye duka la mjini, na kule wenzake walikuwa wameigeuza sauti ya yule askari wa filamu kuwa mlio wa simu. Mteja akipigiwa, linasikika jitu linasema, "Ufunguo huu hapa, mkubwa, noti ziko wapi?" Siku nzima.

"Baba, utakaa hivyo mpaka lini?"

"Nikae vipi?"

"Nenda uwaambie watu! Nenda redioni. Nitakurekodi mimi hapahapa kwa simu yangu, useme tu kweli yako, nitaisambaza kabla hujamaliza kula."

Afande alitazama sahani. "Leo chumvi imezidi kidogo," akasema.

"Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia. Na kweli imezidi."

Binti akasukuma sahani yake. Alikuwa na ulimi wa kujibu, lakini mbele ya watu hawa wawili ulikuwa unakosa pa kupiga. Kumgombeza baba yake ilikuwa kama kugombeza godoro. Alikuwa ameacha chuo kabla ya kumaliza kwa sababu ya kukosa karo, akajifunza kuuza simu, akaapa hatalalamika. Hakuwahi kulalamika. Ila kusikia mlio ule, na mtu asiyemjua anacheka, na yeye anatabasamu ili auze simu, hicho kilikuwa kitu kingine.

"Basi mimi nitaandika," akasema.

"Usiandike," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Nimesema tu usiandike, mwanangu. Kula."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Haikuwa kawaida yake kukataza kitu. Lakini siku hizo alikuwa amekufa ganzi hata kwenye kushangaa, jambo lilimpita mbele akaliona likipita. Akakusanya sahani.

*

Kule hotelini ziliingia habari kwamba wenye filamu wamekuja, kwamba Jumamosi alasiri itaonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wa jirani, na kwamba Mwalimu mwenyewe amefikia hapo, ghorofa ya juu. Wasichana wa vyumba walibishana nani atamtandikia kitanda. Mama Pasi alisikia akiwa amesimama kwenye meza yake, mvuke ukimpanda usoni. Pasi ya dobi ni nzito, ukiwaza sana unaunguza. Hakuwaza.

Asubuhi ya Jumamosi shati la Mwalimu likateremka kwenye kapu. Lilikuwa shati jeupe la mikono mirefu, kola imesagika, na karatasi ya chumba imebanwa kwenye kifungo, jina limeandikwa. Mama Pasi alilisoma jina mara moja, akalilaza shati. Alianza na kola, akaja kwenye mabega, akanyoosha mikono. Alitafuta moyoni kama kuna hasira, hakuikuta. Kulikuwa na kazi tu. Alipomaliza lilikuwa limenyooka kama karatasi.

Watu wa dobi hawaruhusiwi kupanda ghorofa za wageni. Nguo hupelekwa na mhudumu wa vyumba. Mhudumu wa siku ile alikuwa mwanamke waliyekuwa wakila pamoja mchana.

"Hili leo nipe nilipeleke mwenyewe," Mama Pasi akamwambia.

"Wewe! Ukikutwa?"

"Nitasema nimepotea."

"Miaka yote hii humu ndani, upotee leo?"

"Ndiyo. Leo."

Mhudumu akamtazama, akakumbuka anaongea na mke wa nani, akageukia ukuta akijifanya anahesabu taulo. Mama Pasi akachukua shati, akapanda kwa ngazi za nyuma.

*

Mwalimu alikuwa mzee kuliko alivyotarajia. Alikaa ukingoni mwa kitanda anahangaika na soksi, goti halimfikishi. Kule kwenye filamu alikuwa kijana wa kifua kipana anayeruka ukuta.

"Tundika hapo, mama," akasema. Akaanza kupapasa mifuko atafute cha kumpa.

"Sitaki kitu, Mwalimu. Mimi ni mke wa askari wa mlango wa jikoni."

Mkono ukabaki mfukoni. Mzee yule akaiacha soksi yake nusu mguuni.

"Karibu ukae," akasema.

"Nitasimama." Alikuwa amejipanga tangu ngazini, akaona aseme yote kabla hayajamtoka kichwani. "Mume wangu hakula rushwa. Hakuona kitu, na wewe unajua hakuona. Leo utasimama mbele ya watu. Nakuomba useme hivyo tu, kwamba hakuona. Ananyang'anywa funguo kazini. Binti yangu anachekwa. Sina lingine."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, yeye hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alituona."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Mama Pasi akashika kiti, ingawa hakukaa.

"Ule mlango tuliufungua wenyewe," Mwalimu akasema polepole. "Tulikuwa tumelegeza skrubu za bawaba kwa mpini wa kijiko, kidogokidogo. Hakuna ufunguo uliouzwa. Tukatokea uani, tukamkuta amesimama. Kama kutoka hapa mpaka kabati lile. Bunduki begani, filimbi mdomoni. Mimi niliinua mikono, nikajua tumekwisha. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akageuka, akatupa mgongo. Tukapita nyuma yake."

"Mlimpa nini?"

"Tungempa nini? Tulikuwa na mkate umekauka, umefungwa kwenye soksi."

"Na zile noti?"

Mzee akatazama chini. "Niliwasimulia wenye filamu kama ninavyokusimulia. Wakasema mtazamaji hataelewa. Mtu haachii watu wapite bure, wakaniambia, lazima apewe kitu, la sivyo wataona tumekosea kutunga. Nikabisha kidogo. Kisha nikatia sahihi."

"Ukatia sahihi."

"Nilitia. Nilikuwa nataka kisa kitoke kabla sijafa. Sikujua kama bado yupo." Akaivaa miwani. "Niliposoma magazetini kwamba ameiambia tume hakuona kitu, nilijua anadanganya, na nikajua kwa nini. Nikanyamaza. Nilidhani huko ndiko kumshukuru."

Mama Pasi alisikia kila neno. Lilikuwa kama jambo la jirani, limevuka ukuta. Aliona mikono yake mwenyewe imeshikilia kiti, alama za kuungua kwenye vidole, akawaza kwamba lile shati linafaa litundikwe kabla halijajikunja. Akalitundika.

"Leo wataniuliza habari zake," Mwalimu akasema. "Huwa wanauliza. Ukiniambia niseme kweli, nitasema yote. Lakini ujue, mama, nikisema, nimemkabidhi kwa wakubwa. Si askari mzembe tena. Ni askari aliyeachia wafungwa, akaidanganya tume."

Mama Pasi alilijua hilo kabla Mwalimu hajamaliza kulitamka. Jalada lipo mezani kwa karani, limeandikwa uzembe. Likiandikwa lile lingine hakuna mafao, na huenda ikaja gari na watu wawili wenye adabu kumwita mumewe aende nao mara moja kutoa maelezo.

"Aligeuka kwa nini?" akauliza.

"Nimelala nalo, nimeamka nalo, sijui. Hilo kamuulize mwenyewe."

Alipotoka, msimamizi wa ghorofa alikuwa koridoni. Alipoambiwa kwamba amepotea, hakupiga kelele. Alimwambia tu aigeuze mifuko ya aproni ndani nje. Mama Pasi akaitoa. Pini mbili, kifungo cha shati, kipande cha uzi mweusi. Mgeni mmoja alipita na mtoto wake, mtoto akasimama kuangalia.

"Kifungo hiki ni cha nani?"

"Kilidondoka kwenye kapu. Nitakirudisha kwenye nguo yake."

"Siku nyingine upotee hukohuko chini," msimamizi akasema.

*

Saa ya mapumziko hakula. Alivuka barabara mbili, akakata kichochoro, akafika ghala la magodoro. Afande alikuwa getini kwenye kiti chake. Alipomwona mkewe alisimama nusu, akijua hawezi kuja pale kwa jambo dogo.

"Mtoto ana nini?"

"Hana kitu. Kaa." Akavuta kreti tupu, akaligeuza, akakaa kando yake. Ungewaona ungedhani ni wazee wawili wanaota jua. "Nimemwona Mwalimu."

Afande alikaa. Kisha akauliza, "Amezeeka?"

"Amezeeka. Soksi inamshinda."

"Ee."

"Amesema uliwaona."

Kabla hajajibu lori lilifika likapiga honi. Afande akainuka, akamwonyesha dereva kwa mkono asubiri, akaenda mpaka mlango wa ofisi. "Shemeji! Kuna gari." Kimya. "Shemeji, gari!" Akatoka kijana mnene na simu sikioni, anavuta miguu, akafungua geti akiendelea kuongea. Dereva akatoa kichwa dirishani, "Vipi Afande, siku hizi kufungua unafunguliwa?" Afande akatabasamu, akasimama kando mpaka lori lilipopita. Akarudi kukaa. Mkewe aliona yote, na wote wawili wakajifanya hakuna kilichoonekana.

"Filimbi nilikuwa nimeshaitia mdomoni," akasema, kama vile wanaendelea na habari ambayo hawakuwahi kuianza. "Pumzi nimeshavuta. Nikawaangalia. Yule wa mwisho, yule aliyekuja kufa, alikuwa amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Sijui aliviokota wapi. Kimoja kikubwa, kingine kidogo. Vyote vinatazama upande mmoja. Nikawa navitazama vile viatu. Ile pumzi ikanitokea puani."

"Basi?"

"Basi. Nikageuka. Nikajiambia nitapuliza wakifika ukutani. Wakafika. Nikasema nitapuliza wakianza kupanda. Wakapanda. Baadaye kukawa hakuna wa kumpulizia."

"Uliwahurumia."

"Sijui kama ni huruma. Ningekuwa najua ni huruma ningekwambia. Mimi naona ni viatu."

Mama Pasi alisubiri. Alijua sasa ni zamu yake kusema. Mwanamke mwingine angelia, angemshika shati, angemuuliza kuhusu nyumba walizohamishwa, sherehe ambazo hawakualikwa, binti aliyerudi na sanduku lake kutoka chuo akasema kasoma inatosha. Aliyapitisha yote hayo kichwani, mojamoja, kama nguo mezani. Hasira haikuja. Alihisi miguu tu inamuuma.

"Mbona mimi hukuniambia?"

Afande alikuna goti. "Wewe ulikuwa unasema kweli. Ulikuwa unaingia kwenye zile ofisi, unakaza uso, unasema mume wangu hakuona kitu, na kwako ni kweli. Nyumba nzima wewe tu ndiye uliyekuwa unasema kweli. Sikutaka kukuharibia."

"Nilikuwa naonekana mjinga."

"Hapana. Nilikuwa nakusikiliza. Hukuwahi kuonekana mjinga hata siku moja."

Ndani ya ghala shemeji alikuwa akimfokea mpagazi kwa jambo fulani.

"Wakimuuliza leo, aseme?" mke akauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Nakuuliza wewe. Miaka yote nimeona mimi. Leo ona wewe."

Afande alifikiri kwa muda mrefu, macho yake kwenye geti ambalo hana ufunguo wake. "Asiseme," akasema. "Wakicheka watacheka watachoka." Halafu akaongeza jambo ambalo mkewe hakulitegemea kabisa. "Ila nataka kuiona hiyo filamu."

*

Mama Pasi alimtuma yule mhudumu wa vyumba kwa Mwalimu na maneno mawili: asiseme, mwambie. Binti akaomba ruhusa dukani, akawapatia nafasi kwa msichana mmoja aliyeuza tiketi, rafiki yake. Hakuelewa kwa nini baba yake anataka kwenda kujitesa, lakini alijua hawezi kumwacha aende bila yeye. Wakakaa mstari wa nyuma kabisa, mzee katikati, amevaa koti lake la misibani.

Taa zikazimwa, zikaja herufi nyeupe. Afande aliegemea mbele, viwiko juu ya magoti, kama anaangalia mpira. Gereza lilikuwa safi mno. Wafungwa walikuwa na misuli. Kila alipotokea yule askari mwenye kitambi ukumbi ulianza kuchemka, na aliposema, "Noti ziko wapi?" watu wengi walimsaidia kumalizia. Binti aliuma kucha. Mama Pasi hakutazama kiwambo, alitazama uso wa mumewe, unaopauka na kuwa mweusi kadiri mwanga ulivyobadilika. Askari akajikojolea. Kicheko kikapanda mpaka darini. Mstari wa mbele yao kulikuwa na mwanaume aliyekuwa akijipigapiga paja.

Watoro wakaruka ukuta. Wa tatu akaruka vizuri kuliko wote, na miguuni alikuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa, jozi kamili. Hapo ndipo Afande aliposema kitu, kwa sauti ndogo, si kwa mtu yeyote.

"Wamempa viatu."

Taa zikawashwa. Mwalimu akapandishwa jukwaani, shati lake limenyooka. Watu wakasimama kumpigia makofi, na wale watatu wa nyuma nao wakasimama, maana ukikaa peke yako unaonekana. Yakaja maswali. Aliogopa? Alikula nini msituni? Kisha msichana mmoja mwenye daftari akapewa kipaza sauti. "Mwalimu, yule askari aliyehongwa, yuko wapi leo?"

Mwalimu alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Macho yake yalitembea ukumbini, mstari kwa mstari, yakafika nyuma. Yakasimama. Mama Pasi hakujua kama mtu anaweza kuukumbuka uso aliouona mara moja tu, alfajiri, tena miaka mingi iliyopita. Akaona kwamba anaweza.

"Alikufa," Mwalimu akasema. Sauti ilikwaruza. "Nilisikia alishakufa, zamani."

"Afadhali!" mtu akapaza, na kicheko kikazuka tena, chepesi, cha watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Binti alikuwa ameshainuka. "Mwongo! Huyu ha..." Mama Pasi alimvuta sketi kwa nguvu zote za mkono unaoinua pasi kutwa, akamrudisha kitini.

"Kaa."

"Mama!"

"Nimesema kaa chini."

*

Walitoka na umati, jua linaelekea kuzama. Wakajitenga pembeni, kwenye ukuta mfupi wa benki. Afande akafungua vifungo vya koti.

"Basi leo msinipakulie," akasema. "Marehemu hali."

Mama Pasi alimtazama. Kitu kikamtoka kifuani, akadhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Kilikuja kibaya, cha kukwama, kikamshika mpaka akakaa kwenye ule ukuta, machozi yanamtiririka, anajipangusa kwa kilemba. "Marehemu mwenyewe," akasema akipata pumzi, "kavaa koti la msiba wake." Afande naye akaanza kucheka kwa mabega bila sauti.

Binti aliwatazama kama amewakuta watu wasio wazazi wake. "Mnacheka? Mtu anakuzika mbele ya watu wote, baba, na wewe unacheka?"

Kicheko kikaisha. Mzee akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Njoo hapa kati," Afande akasema.

Akamwambia. Hakuirefusha, ilikuwa fupi kuliko alivyomwambia mkewe: skrubu, filimbi, viatu, ukuta. Watu waliwapita pande zote wakiigiza sauti za filamu. Binti alisikiliza akiwa amekunja mikono. Baba alipomaliza, binti aliikunjua.

"Hukupewa kitu," akasema.

"Sikupewa."

"Bure."

"Bure."

"Mimi chuo kile ningemaliza, baba."

"Najua."

"Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

"Najua, mwanangu. Kila siku najua."

Hakumwomba msamaha, kwa sababu hakujua aombe kwa lipi, na binti hakumkumbatia. Aligeuka akawatangulia, anatembea haraka, mkoba unampigapiga nyongani. Wazazi wakamfuata kwa mwendo wao. Mama Pasi alitaka kumwita, akaona hana neno la kumpa likamtosha. Ile sentensi yake ya miaka yote ilikuwa imekwisha, na nyingine hakuwa nayo. Jumatatu angelazimika kwenda kwa karani. Angekaza uso aseme nini?

Kwenye njia panda taa iliwazuia watu wote kuvuka. Binti alikuwa amesimama mbele, na kando yake mwanamke wa makamo, mwenye bisi kwenye mfuko wa karatasi, aliyekuwa ametoka kulekule ukumbini na anataka mtu wa kuzungumza naye.

"Umeipenda?" mwanamke akamuuliza.

Binti aliitazama taa.

"Mimi yule askari nimemcheka mpaka mbavu zinauma. Halafu nikawaza, masikini, kama alikuwa na watoto? Watoto wake sijui wanajisikiaje, wakiona vile."

Mama Pasi, nyuma yao, alikaza mkono wake kwenye kiwiko cha mumewe. Aliujua ulimi wa binti yake. Alisubiri umtoke.

"Wamechoka," binti akasema.

"Unawafahamu?"

"Nawafahamu. Yuko mmoja tu. Amechoka kidogo, lakini yupo."

Mwanamke akatafuna bisi, akamtazama upya, akaona kuna jambo lakini hakulijua. Akamwinamishia mfuko. Binti akachota bisi, akashukuru. Taa ikabadilika, watu wakaanza kuvuka. Yeye hakuvuka. Alisimama ukingoni mwa barabara na bisi zake mkononi, akiwapisha wengine, mpaka wazee wake wakamfikia.